Ukweli Unaoshangaza Kuhusu Dunia, Historia na Burudani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu hurudia kuniuliza kila mazungumzo yanapoingia kwenye mambo ya ajabu ya dunia. Nimeanza na mepesi, nikamalizia na yale ambayo jibu lake hubadilika kulingana na unavyouliza. Kila jibu linajitegemea, hivyo unaweza kuruka hadi unapotaka.

## Kwa kuanzia

Kwa nini mambo mengine ya kweli yanasikika kama uongo?

Kwa sababu kichwani tunayahifadhi mambo kwenye makabati tofauti. Misri ya kale ina kabati lake, roketi zina lao, na hakuna aliyetufundisha kupima umbali kati ya kabati moja na jingine. Siku ukigundua kwamba vitu viwili ulivyovitenga viliishi zama moja, unashtuka. Maswali mengi ya sehemu inayohusu wakati ni ya namna hiyo.

Chanzo cha pili ni maneno. Tunasema "jangwa" tukiwaza mchanga na joto, ilhali mtaalamu wa hali ya hewa anawaza uchache wa mvua. Tunasema "mlima mrefu" bila kutaja tunaanzia kupima wapi. Mara nyingi nikiona mabishano makali juu ya jambo la aina hii, nakuta pande zote mbili zina takwimu sahihi na kila upande unajibu swali lake.

Nitajuaje kama jambo ni kweli kabla sijalituma kwa wengine?

Mimi huanza na nukuu. Sentensi tamu iliyobandikwa jina la mtu maarufu, bila kutaja aliisema wapi na lini, huwa naiacha hapo hapo. Kisha naangalia tarehe: je, mhusika alikuwa hai wakati huo? Kipimo hicho kimoja kinatosha kuporomosha hadithi ya Marie Antoinette na keki (tazama sehemu ya vita na watawala). Mwisho naangalia maneno ya sifa kama "kubwa kuliko zote" au "ya kwanza duniani". Hayo hayana maana mpaka useme kubwa kwa kipimo gani, ya kwanza katika kundi lipi.

## Wakati na zama

Ni kweli Cleopatra aliishi karibu zaidi na safari ya mwezini kuliko na ujenzi wa piramidi kubwa?

Ni kweli, na hesabu yake ni fupi kiasi kwamba unaweza kuifanya mwenyewe. Piramidi kubwa ya Giza ilijengwa kwa ajili ya Farao Khufu, takriban mwaka 2560 K.K. Cleopatra, malkia wa Misri, alizaliwa mwaka 69 K.K. Kati ya matukio hayo mawili kuna kama miaka 2,490. Alifariki mwaka 30 K.K., na binadamu alikanyaga mwezi mwaka 1969. Hapo ni miaka 1,998 tu, maana hakuna mwaka sifuri kati ya K.K. na B.K.

Maana yake ni kwamba Cleopatra alipoitazama piramidi ile, aliona kitu cha kale kwake kuliko yeye alivyo wa kale kwetu. Kwake yalikuwa magofu ya mababu wa mbali, na watalii wa Kigiriki walikuwa tayari wanakwenda kuyashangaa. Tunaposema "Misri ya kale" tunabana miaka 3,000 ndani ya neno moja, na huko ndiko mshangao wote unakotoka.

Je, kulikuwa na mamothi wakati piramidi inajengwa?

Ndiyo. Wale tembo wenye manyoya marefu walitoweka sehemu nyingi za dunia kama miaka 10,000 iliyopita, lakini kundi dogo lilibaki kwenye kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Piramidi ya Khufu ilikuwa imekwisha kusimama kwa karne kadhaa.

Na dinosaria, je, wote waliishi pamoja kama tunavyowaona kwenye filamu?

Hapana. Stegosaurus aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, na Tyrannosaurus rex alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. T. rex yuko karibu zaidi na wewe kuliko na Stegosaurus.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1790 anaweza kuwa na mjukuu aliyeishi hadi karne ya 21?

Imetokea. John Tyler, rais wa 10 wa Marekani, alizaliwa mwaka 1790, wakati George Washington akiwa madarakani. Mwanawe Lyon alizaliwa mwaka 1853, baba akiwa na miaka 63. Lyon naye alipata mtoto mwaka 1928, akiwa amepita miaka 70. Mtoto huyo wa 1928, mjukuu halisi wa Tyler, alifariki mwaka 2025.

Vizazi vitatu tu, miaka 235. Huu ndio ukweli ninaoupenda kuliko wote kwenye ukurasa huu. Hauhitaji darubini wala mabaki ya mifupa. Ni baba, mwana na mjukuu, lakini unaikunja historia yote ya nchi ile kama karatasi.

Gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, ilitumika mara ya mwisho lini?

Tarehe 10 Septemba 1977, katika gereza moja la Marseille, Ufaransa. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilikuwa imeanza kuonyeshwa Marekani mwezi Mei mwaka huo huo. Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1981.

Kuna mifano mingine ya aina hii?

Ipo mingi. Miwili inayoulizwa sana: mafundisho yalikuwa yanatolewa Oxford mwaka 1096, zaidi ya karne mbili kabla ya Waazteki wa Mexico kuanzisha mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1325. Na hataza ya kwanza ya mashine ya kutuma picha kwa waya, bibi yake faksi, ilitolewa Uingereza kwa Alexander Bain mwaka 1843, kabla hata simu ya kuzungumzia haijavumbuliwa.

## Kalenda

Ni kweli kuna siku 10 ambazo hazikuwahi kuwapo mwaka 1582?

Ndiyo, kwa nchi zilizobadili kalenda mwaka huo. Italia, Hispania, Ureno na Poland, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Mfuatano wa siku za juma haukuguswa. Namba tu ndizo ziliruka.

Sababu ilikuwa kosa dogo lililojirundika. Kalenda ya Julius Kaisari ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo kamili, wakati mwaka halisi ni mfupi kuliko hapo kwa dakika kama 11. Dakika 11 si kitu ndani ya maisha ya mtu, lakini baada ya miaka 128 zinafanya siku nzima. Kufikia karne ya 16 majira yalikuwa yameachana na kalenda kwa siku 10 na Pasaka ilikuwa inateleza. Papa Gregori wa 13 aliamuru siku hizo zifutwe na akaweka kanuni mpya: mwaka unaoishia na sifuri mbili si mwaka mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Ndiyo maana Februari ya mwaka 1900 ilikuwa na siku 28 na ya mwaka 2000 ilikuwa na 29.

Nchi zisizokuwa za Kikatoliki zilisita. Uingereza ilingoja hadi 1752, na kufikia hapo ilibidi iruke siku 11. Urusi ilibadili mwaka 1918, na ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yaliadhimishwa mwezi Novemba.

Je, tarehe 30 Februari imewahi kuwapo?

Mara moja, Sweden, mwaka 1712. Waswidi waliamua kuhamia kalenda mpya polepole, kwa kuacha siku za ziada za miaka mirefu kuanzia 1700 hadi 1740. Mwaka 1700 waliiacha siku hiyo vizuri. Kisha vita ikapamba moto, na mwaka 1704 na 1708 siku ya ziada ikawekwa kama kawaida. Wakajikuta na kalenda isiyofanana na ya jirani yeyote: si ya zamani, si mpya. Mfalme Karl wa 12 akaamua warudi walikotoka, na ili kurudi ilibidi Februari ya 1712 iongezwe siku mbili badala ya moja. Aliyezaliwa siku hiyo hakuona tena tarehe yake maishani.

Kuna nchi ambayo mwaka wake haulingani na wa wengine hadi leo?

Ethiopia. Kalenda yake ina miezi 13, ambapo 12 ina siku 30 kila mmoja na wa 13 una siku 5 au 6, na hesabu ya miaka iko nyuma kwa miaka 7 hadi 8. Waethiopia walisherehekea kuingia mwaka 2000 mwezi Septemba 2007.

## Vita na watawala

Vita fupi kuliko zote katika historia ilichukua muda gani?

Dakika 38 hadi 45, Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896.

Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao na walimtaka Hamoud bin Muhammed. Khalid alipewa onyo: hadi saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Bandarini, mbele kabisa ya kasri, zilikuwa zimetia nanga manowari tano za Kiingereza.

Saa tatu ikapiga, bendera iko pale pale. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kasri lilikuwa na sehemu kubwa ya mbao na ndani kulikuwa na maelfu ya watu. Meli ya sultani, Glasgow, ilijaribu kujibu ikazamishwa papo hapo. Bendera ilipoangushwa, mizinga ikanyamaza. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Tofauti ya dakika inatokana na wapi unaweka mwisho: mzinga wa mwisho, bendera kuanguka, au kasri kusalimu amri. Nasisitiza jambo moja, kwa kuwa vita hii husimuliwa sana kama kichekesho. Idadi ile ya waathirika ndani ya muda wa somo moja la shule haina lolote la kuchekesha.

Khalid aliishia wapi?

Alitoka kwa mlango wa nyuma akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Wajerumani wakamvusha kwa mashua hadi Dar es Salaam, akakaa huko karibu miaka 20. Waingereza walimkamata mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na kisiwa cha Saint Helena, kile kile alichofia Napoleon. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Ni kweli Australia ilipigana na ndege ikashindwa?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mwaka 1932 emu wapatao 20,000, ndege wakubwa wasioruka wanaofanana na mbuni, walivamia mashamba ya ngano ya Australia Magharibi. Wakulima, wengi wao askari wastaafu wa Vita Kuu, waliomba msaada wa bunduki za rashasha. Serikali ikampeleka Meja Meredith na askari wachache, rashasha mbili na risasi 10,000.

Emu hawakukaa kundi moja wapigwe. Kila walipofyatuliwa walitawanyika vikundi vidogo, wakikimbia kilomita 50 kwa saa. Meja alifunga rashasha juu ya lori, lakini lori lilirushwarushwa hivi kwamba mpigaji hakuweza kulenga. Kufikia Desemba jeshi likaondolewa, na emu walikuwa bado tele mashambani. Haikutangazwa rasmi kuwa vita. Jina hilo lilitoka magazetini.

Napoleon alikuwa mfupi kweli?

Alikuwa wa kimo cha kawaida kwa wanaume wa zama zake. Alipofariki mwaka 1821 kimo chake kiliandikwa kuwa futi 5 na inchi 2, lakini kwa vipimo vya Kifaransa. Inchi ya Kifaransa ilikuwa sentimita 2.7, ya Kiingereza 2.54. Futi 5 na inchi 2 ni inchi 62. Zizidishe kwa 2.7 unapata karibu sentimita 168. Zizidishe kwa 2.54 unapata 157. Zaidi ya sentimita 10 zilipotea kwenye tafsiri ya kipimo, na wachora vikaragosi wa London, hasa James Gillray, wakamalizia kazi.

Ni hadithi gani nyingine maarufu za historia ambazo si za kweli?

Kofia za Waviking zenye pembe: hakuna ushahidi kwamba walizivaa vitani. Picha hiyo ilisambaa kutokana na mavazi ya jukwaani yaliyobuniwa na Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera za mtunzi Mjerumani Wagner mwaka 1876.

Malkia wa Ufaransa Marie Antoinette kusema kwamba maskini wasio na mkate "wale keki": kisa hicho, kikimhusu binti mfalme asiyetajwa jina, kimo kwenye maandishi ya mwanafalsafa Rousseau ya miaka ya 1760. Marie Antoinette alizaliwa mwaka 1755. Alikuwa mtoto, na alikuwa bado kwao Austria.

Einstein kufeli hisabati: hakufeli. Mwenyewe alikana, akasema kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa ameshaimudu kalkulasi.

Ni kweli twiga alisafirishwa kutoka Malindi hadi China karne ya 15?

Ni kweli. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, zama za misafara ya baharini ya Zheng He, kamanda wa meli za mfalme huyo. Mwaka mmoja nyuma twiga mwingine alikuwa amefika kutoka Bengal, na mchoro wake upo hadi leo: mnyama mwenye madoa, mhudumu ameshika kamba na kuinua macho kumtazama. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa hekaya zao anayetokea tu wakati wa mtawala mwema. Hebu fikiria kumtunza mnyama wa kimo kile melini, miezi kadhaa, na kumfikisha hai.

## Ardhi na anga

Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi?

Ukianzia usawa wa bahari ni Everest, mita 8,849. Ukianzia kwenye kitako cha mlima ni Mauna Kea wa Hawaii: juu ya maji unaonyesha mita 4,207 tu, lakini kitako chake kiko sakafuni mwa bahari na urefu wote unapita mita 10,000. Ukipima umbali kutoka katikati ya dunia ni Chimborazo wa Ecuador, wenye mita 6,263. Dunia imetuna kiunoni, na kwenye ikweta iko nene kuliko kwenye ncha kwa kilomita kama 21 kila upande. Chimborazo uko karibu na ikweta, hivyo kilele chake kinaishinda Everest kwa kama kilomita 2.

Jangwa kubwa kuliko yote ni Sahara?

Sahara ndilo kubwa kati ya majangwa ya joto, kilomita za mraba kama milioni 9. Jangwa ni eneo linalopata mvua au theluji chini ya milimita 250 kwa mwaka, na kwa kipimo hicho Antaktika, yenye kilomita za mraba milioni 14, ndilo jangwa kubwa kuliko yote.

Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini?

Hapana. Ukuta ni mrefu sana lakini upana wake kwa kawaida haufiki mita 10, na mwezi uko kilomita 384,000. Ni sawa na kujaribu kuona unywele mmoja ukiwa umbali wa kilomita 3. Dai hili lilikuwa likichapishwa tangu kabla binadamu hajatoka nje ya dunia, yaani waliolianzisha hawakuwa na namna ya kujua. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani, alisema mwaka 2003 kwamba hakuuona, naye hakufika hata karibu na mwezi.

Mpaka mrefu kuliko yote wa Ufaransa ni na nchi gani?

Brazil, kilomita 730 hivi, kwa sababu Guiana ya Kifaransa iliyoko Amerika Kusini ni sehemu kamili ya Ufaransa. Mpaka na Hispania ni kilomita 623. Visiwa vyake vilivyotawanyika baharini ndivyo pia vinavyoifanya Ufaransa iwe na kanda za saa 12, nyingi kuliko Urusi. China, pamoja na ukubwa wake wote, inatumia saa moja tu nchi nzima.

Kuna sehemu unaweza kuitazama "kesho" kwa macho?

Kwenye mlangobahari wa Bering kuna visiwa viwili vya Diomede, kikubwa cha Urusi na kidogo cha Marekani. Kati yao ni kilomita 3.8, lakini mstari wa kimataifa wa tarehe unapita katikati. Tofauti ya saa ni 21. Mtu wa kisiwa kidogo akitazama ng'ambo mchana wa Jumatatu, anaiangalia asubuhi ya Jumanne.

Ni kweli siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake?

Sayari ya Zuhura inachukua siku 243 za dunia kujizungusha mara moja, na siku 225 kulizunguka jua. Kwa hesabu hiyo, ndiyo. Lakini inajizungusha kinyume na sayari nyingi, kwa hiyo jua linachomoza magharibi, na kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 hivi. Ukisema "siku" ukimaanisha mzunguko kamili, dai ni kweli. Ukimaanisha mchana na usiku, si kweli.

Miti ni mingi kuliko nyota?

Kuliko nyota za galaksi yetu, ndiyo. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria miti trilioni 3 duniani, wakati nyota za galaksi yetu hukadiriwa kati ya bilioni 100 na 400. Ukisema nyota zote za ulimwengu, miti haifui dafu.

Asali haiharibiki kabisa?

Ikifungwa vizuri inakaa miaka mingi mno. Maji ndani yake ni machache, kama asilimia 17, hivyo sukari inawanyonya vijidudu hadi wanakauka. Juu ya hapo ina uchachu na ina kimeng'enya cha nyuki kinachozalisha kemikali ya kuua vijidudu. Ikiingia maji, inachacha. Na jambo muhimu: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo lake haliwezi kuzidhibiti.

Pweza ana mioyo mingapi?

Mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja mwili mzima, na huu wa tatu husimama anapoogelea. Ndiyo maana hupendelea kutambaa. Damu yake ni ya buluu kwa kuwa inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma.

## Bahati na hesabu

Inakuwaje watu 23 watoshe kupata wawili wenye siku moja ya kuzaliwa?

Wengi huwaza "nani ana siku sawa na yangu?" na kuona nafasi ni ndogo. Swali ni kama kuna jozi yoyote. Wa kwanza anaweza kulinganishwa na watu 22, wa pili na 21 waliobaki, na kuendelea. Jumla ni jozi 253, na kila jozi ina nafasi moja kati ya 365. Ukifanya hesabu kamili, uwezekano unafika asilimia 50.7. Wakiwa 70 unapita asilimia 99.9.

Kombe la Dunia la 2014 lilikuwa na timu 32 zenye wachezaji 23 kila moja. Timu zilizokuwa na angalau jozi moja zilikuwa 16, nusu kamili.

Ni kweli nikichanga karata huenda nikapata mpangilio ambao haujawahi kutokea?

Ukizichanga vizuri, karibu uhakika. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia zinazofikia namba yenye tarakimu 68. Chukua watu wote bilioni 8, kila mmoja achange mara moja kwa sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Michango yao yote ingefikia namba yenye tarakimu 28. Bado hawajagusa hata pembe ya namba ile ya kwanza.

## Filamu, michezo na muziki

Nintendo ina umri gani?

Ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza karata za Kijapani zinazoitwa hanafuda. Mnara wa Eiffel ulifunguliwa mwaka huo huo.

Kwa nini watu wengi wanakumbuka maneno ya filamu ambayo hayakusemwa?

Kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, Darth Vader hasemi "Luke, mimi ni baba yako". Anasema "Hapana, mimi ndiye baba yako", akijibu alichoambiwa. Anayenukuu nje ya filamu anaongeza jina ili msikilizaji ajue ni nani anaambiwa, na nukuu iliyorekebishwa inaishinda ya asili.

Makosa ya namna hii yanayoshikwa na watu wengi kwa pamoja yamepewa jina la Mandela. Mwandishi Mmarekani Fiona Broome aligundua kwamba yeye na wengine wengi waliamini Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980. Mandela aliachiwa huru Februari 1990, akawa rais mwaka 1994, akafariki Desemba 2013.

Kiswahili kimeingia wapi kwenye burudani ya dunia?

Zaidi ya filamu ya The Lion King ya 1994, ambapo Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu ya kila siku, kuna mhusika Uhura wa tamthilia ya Star Trek ya 1966, jina lililotokana na "uhuru". Mchezo wa vipande vya mbao wa Jenga, uliozinduliwa London mwaka 1983, ulibuniwa na Leslie Scott aliyekulia Afrika Mashariki. Wimbo wa Michael Jackson "Liberian Girl" unaanza kwa sauti ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini akitamka Kiswahili, ingawa Liberia haizungumzi Kiswahili.

Linalonigusa zaidi ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin. Ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005, maneno yake ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy.

## Yenye utata na yaliyopitwa na wakati

Mto mrefu kuliko yote ni Nile au Amazon?

Vitabu vingi vinasema Nile, kilomita 6,650, na Amazon 6,400. Wapo watafiti wanaoipa Amazon ushindi, kwa sababu kupima mto kunategemea kijito gani unakiita chanzo na wapi unakubali kwamba mto umekwisha na bahari imeanza. Kwa wingi wa maji hakuna ubishi: Amazon inaziacha nyingine zote mbali.

Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Hapana. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zake. Vipimo vinaonyesha sehemu zake zote zikifanya kazi.

Nilichojifunza zamani kinaweza kuwa si sahihi leo?

Kinaweza. Mwezi Machi 2025 Zohali iliongezewa miezi 128 kwa mpigo, ikafikisha 274, na kila orodha iliyochapishwa kabla ya hapo ikapitwa.

Pluto ndiyo inayoulizwa zaidi. Iligunduliwa na Clyde Tombaugh Februari 1930, ikahesabiwa sayari ya 9 hadi Agosti 2006, wanaastronomia walipokubaliana maana mpya ya neno sayari nayo ikabaki nje. Pluto hulizunguka jua kwa miaka 248. Muda wote ilioitwa sayari, miaka 76, haikumaliza hata theluthi moja ya safari. Itarudi pale Tombaugh alipoiona mwaka 2178.